Kompyuta Inayosoma Haitoshi Bila Mkutubi Anayejua: Ushauri kwa Maktaba za Rohero

Maktaba yoyote ya Bujumbura yenye kompyuta moja ya Windows na intaneti, hata ya kubahatisha, inaweza kuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini kabla wiki haijaisha. Programu hiyo ni NVDA. Haiuzwi. Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, alianza kuiandika mwaka 2006, kwa kuwa programu za aina hiyo zilizokuwa sokoni ziliuzwa kwa bei ambayo wasioona wengi wasingeimudu. Nazo simu za Android zilizomo mifukoni mwa watu wanaopita Chaussée Prince Louis Rwagasore, nyingi zimekuja na TalkBack ndani yake, programu inayomsomea mwenye simu anachogusa kwa kidole. Vifaa, kwa sehemu kubwa, tunavyo.

Tunachokosa ni mtu. Msomaji asiyeona akifika leo kwenye chumba cha kusomea hapa Rohero, nani atamkaribisha, amfikishe kwenye kiti, amwashie sauti na ajue la kufanya sauti hiyo ikinyamaza ghafla? Makala hii ni kwa wakuu wa maktaba na wakutubi wa mtaa wetu: walio kwenye vituo vya utamaduni kama Institut français, walio vyuoni na mashuleni, na wanaosimamia rafu chache za vitabu katika parokia au ofisi ya shirika. Nina mashauri matatu makuu, na mengine yote yanatokana nayo: fundisheni watu kabla ya kununua vifaa, fundisheni wafanyakazi wote, na mwalimu wenu awe mtu mwenye ulemavu anayeitumia teknolojia hiyo kila siku.

Haki imekwisha kuandikwa

Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 22 Mei 2014. Ibara ya 4 ya mkataba huo inazitaka nchi kuhimiza mafunzo ya wanaowahudumia watu wenye ulemavu, na Ibara ya 9 inataka majengo, habari na teknolojia viweze kufikiwa na wote, ikitaja waziwazi msaada wa watu kama vile viongozi wa njia, wasomaji na wakalimani. Kisha ikaja sheria yetu wenyewe ya tarehe 10 Januari 2018 ya kukuza na kulinda haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mkutubi anayeomba siku mbili za mafunzo kwa mkuu wake haombi hisani. Anaomba kuwezeshwa kutimiza wajibu ambao nchi imeshaukubali.

Anzeni getini

Maktaba nyingi humchagua mfanyakazi mmoja, humpeleka kwenye semina, kisha humfanya kuwa "mtu wa walemavu". Siku akiwa likizo huduma hulala, na siku akihama maarifa huondoka naye. Kila mfanyakazi anapaswa kujua mambo ya msingi, na mmoja au wawili wajue kwa kina.

Kila mfanyakazi maana yake ni pamoja na mlinzi, yule tunayemwita zamu. Yeye ndiye wa kwanza kukutana na msomaji. Zamu akimuuliza kijana mwenye fimbo nyeupe "Unamtafuta nani huku?" kana kwamba vitabu havimhusu, kijana yule hatafika kwenye kompyuta hata ingekuwa bora kuliko zote mjini. Mfundisheni zamu mambo manne: asalimie na ajitambulishe kwa sauti, aulize kama msaada unahitajika badala ya kudhani, atoe kiwiko ili mgeni akishike mwenyewe, asimvute mkono wala kumsukuma mgongoni, na aseme mapema kuna ngazi ngapi na kama zinapanda au zinashuka. Mfundisheni pia kwamba kitimwendo ni sehemu ya mwili wa mwenyewe, hakiguswi bila idhini. Na mfanya usafi ajue kwamba ndoo iliyoachwa kwenye njia ya kuelekea meza ya kompyuta ni hatari kwa asiyeiona.

Mwalimu awe nani

Kuna mashirika ya watu wenye ulemavu hapa nchini, kama vile UPHB na RAPHB, mtandao unaounganisha vyama vingi. Waendeeni, waambieni mnataka mtu anayetumia kisoma skrini kwa kazi au masomo yake, kiziwi anayefundisha lugha ya alama, na mtumiaji wa kitimwendo atakayekagua jengo lenu. Walipeni kama mnavyomlipa mkufunzi mwingine yeyote. Kumwita mtu aje kufundisha "kwa moyo" kwa sababu ana ulemavu ni kumdharau mbele ya wale mnaotaka wajifunze kumheshimu.

Kuna zoezi linalopendwa katika semina: wafanyakazi hufungwa kitambaa machoni, wakatembezwa ukumbini. Liacheni. Nusu saa ya kitambaa humfundisha mtu hofu ya giza. Haimfundishi ustadi wa asiyeona, ambaye amefanya mazoezi ya miaka. Mfanyakazi hutoka pale na huruma nyingi na maarifa kidogo. Afadhali akae karibu na mwanafunzi asiyeona anayeandika barua, anayetafuta makala na kusikiliza sauti kwa kasi ambayo masikio yetu hayaifuati. Atatoka akijua kwamba anayemhudumia ni msomaji mwenzake.

Kenya inatupa mfano wa kufikiria. Shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009, lilianzia katika shule ya wasioona ya Thika kwa kuweka maabara ya kompyuta. Maabara yale yaliwekewa walimu waliofundisha kompyuta kwa njia inayomfaa asiyeona. Kompyuta bila mwalimu ingebaki kuwa sanduku lenye joto.

Kuongoza kwa maneno

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo mafunzo yatumie muda mrefu. Mkutubi anayeona amezoea kusema "bonyeza hapo", "nenda kule juu", "ile ya bluu". Maneno hayo hayamsaidii asiyeiona skrini. Tena amezoea kunyakua kipanya na kumaliza kazi mwenyewe. Msomaji huondoka na karatasi yake, lakini kesho atarudi akiwa mtegemezi kama jana.

Kanuni ni moja: mikono ya msomaji ibaki kwenye kibodi, na mkutubi aongoze kwa kutaja vitufe. Ili aweze hivyo, ni lazima yeye mwenyewe avijue. Zimeni skrini, acheni sauti peke yake, na kila mkutubi afanye kazi tatu: afungue waraka wa Word, ausome mwanzo hadi mwisho, na atafute kitabu kwenye orodha ya maktaba. Amri za kuanzia katika NVDA ni chache. Ctrl na Alt pamoja na N huiwasha, kama njia hiyo ya mkato iliwekwa wakati wa kusakinisha. Ctrl peke yake hunyamazisha maneno yanayosomwa. Insert na mshale wa chini husoma mfululizo. Kwenye ukurasa wa intaneti, herufi H hurukia kichwa cha habari kinachofuata. Insert na 1 hufungua hali ya mazoezi, ambapo kila kitufe kikibonyezwa hujitaja jina bila kufanya lolote. Hapo anayeanza anaweza kuijua kibodi nzima bila hofu ya kuharibu.

Kibodi zenyewe zina jambo lake katika mji wetu. Kompyuta nyingi hapa zina kibodi ya Kifaransa, AZERTY, lakini msomaji aliyesomea Kenya, Uganda au Tanzania amezoea QWERTY. A na Q zimebadilishana mahali, vivyo hivyo Z na W, na M imehamia kwingine. Anayeona hugundua haraka. Asiyeona hudhani programu imeharibika. Basi sentensi ya kwanza ya mkutubi iwe: "Kibodi hii ni ya Kifaransa." Wekeni pia kibodi ya pili ya QWERTY kwenye droo, ni kifaa cha bei ndogo, ila mpangilio wa Windows nao ubadilishwe. Mwonyesheni msomaji vinundu vidogo vilivyo kwenye F na J, avitumie kupanga vidole.

Sauti ikinyamaza, mkutubi asikimbilie kuzima kompyuta. Aangalie kwanza kama vipokea sauti vimechomoka, kisha kama sauti ya Windows imeshushwa, kisha abonyeze Insert na S, maana mara nyingi msomaji ameigusa bila kujua na kuzima usemaji. Bado kimya? Aiwashe NVDA upya. Utaratibu huu uandikwe kwenye karatasi moja, ubandikwe mezani, na nakala yake ya sauti iwekwe kwenye kompyuta yenyewe.

Inafaa pia kujua kwamba NVDA inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Msomaji anaweza kuja na yake, yenye sauti na kasi aliyoizoea. Kama fundi wa kompyuta amefunga milango yote ya flashi kwa kuogopa virusi, azungumze na mkutubi, wapate njia.

Sauti ya Kirundi, Kiswahili na Kifaransa

Msomaji wa Bujumbura husoma lugha tatu au nne kwa siku moja. Sauti ya Kifaransa ikipewa maandishi ya Kirundi au Kiswahili hutamka "u" kivyake na kumeza herufi za mwisho, na kinachosikika hakieleweki. NVDA huja na eSpeak, ambayo ina sauti ya Kiswahili. Kwa kuwa Kirundi nacho kina irabu tano na tahajia yake iko karibu na matamshi, jaribuni kusoma Kirundi kwa sauti hiyo ya Kiswahili. Toni zitapotea, lakini maneno yatatambulika kuliko yakisomwa Kifaransa. Kila mkutubi ajue njia ya kubadilisha sauti: Insert, Ctrl na V hufungua mipangilio ya usemaji. Na amuulize msomaji kasi anayoitaka, kwani anayeanza huhitaji taratibu na mzoefu huchoshwa nayo.

Wenye uoni hafifu, wakiwemo wenye ualbino

Wengi wanaosumbuka kusoma si vipofu kabisa. Wapo wazee, wapo wenye magonjwa ya macho, na wapo ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwa kawaida huona kwa shida na huumizwa na mwanga mkali. Hao mara nyingi hawasemi. Hukisogeza kitabu puani, wakachoka, wakaondoka. Mkutubi afundishwe kutambua na kuuliza kwa faragha.

Msaada wao ni wa haraka: kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha hukuza skrini, na Windows na Esc huzima ukuzaji huo. Rangi zinaweza kugeuzwa, maandishi meupe juu ya weusi, kupunguza mng'ao. Ila hakuna programu itakayofidia kiti kibaya. Kwenye jua la Bujumbura, meza inayotazamana na dirisha ni adhabu kwa mwenye ualbino. Mpeni kiti ambacho dirisha liko pembeni, si nyuma ya skrini, wekeni pazia, na kuweni na lenzi ya mkono kaunta. Matangazo yenu yachapishwe kwa herufi za ukubwa wa 18 au zaidi.

Viziwi na wenye ulemavu wa mikono

Kwa kiziwi, mkutubi asimame mahali ambapo uso wake una mwanga, amtazame, asipige kelele. Kuandika kwenye karatasi husaidia, lakini msidhani kila kiziwi anasoma Kifaransa kwa wepesi; kwa wengi lugha ya alama ndiyo ya kwanza. Angalau wafanyakazi wawili wajifunze alama za msingi za maktaba: salamu, kitabu, kuazima, kurudisha, tarehe, subiri. Simu za Android zina programu ya Live Transcribe inayoandika papo hapo maneno yanayosemwa. Inafanya kazi kwa Kifaransa na Kiswahili. Itumieni kwenye kaunta, ila kwa mazungumzo marefu au mafunzo muiteni mkalimani. Video mnazoonyesha ziwe na maandishi chini yake.

Kwa mwenye mkono mmoja, au vidole visivyotii, bonyezeni Shift mara tano: Windows itamruhusu abonyeze vitufe vya amri kimoja baada ya kingine badala ya vyote pamoja. Windows, Ctrl na O huleta kibodi kwenye skrini. Pimeni meza pia. Nafasi ya sentimita 70 hivi chini yake huruhusu magoti ya aliyeketi kwenye kitimwendo kuingia. Kama maktaba iko ghorofani na hakuna lifti, kompyuta yenye programu hizi ishushwe chini.

Maandishi yanayosomeka

Kisoma skrini hakisomi picha. Tasnifu na ripoti nyingi zilizohifadhiwa kama PDF ni kurasa zilizopigwa picha kwa skana, na kwa NVDA ni ukurasa mtupu. Mkutubi ajue kipimo chepesi: abonyeze Ctrl na F, atafute neno analoliona ukurasani. Lisipopatikana, faili hiyo ni picha na inahitaji kupitishwa kwenye programu ya kutambua herufi. Baada ya hapo mtu aisome na kusahihisha, hasa tarakimu na majina.

Anzeni na maandishi yenu wenyewe: kanuni za maktaba, orodha ya vitabu vipya, fomu za uanachama. Katika Word, tumieni mitindo ya vichwa vya habari iliyomo ndani ya programu, msikuze herufi tu kwa mkono, maana kisoma skrini hurukia vichwa vilivyowekwa kwa mtindo. Kila picha ipewe maelezo.

Kuhusu vitabu vyenye hakimiliki, dunia ina Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika 2016. Mkataba huo unaziruhusu asasi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala zinazofikika kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida na kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020. Mkuu wa maktaba aombe ushauri wa kisheria kuhusu nafasi ya maktaba yake, kisha aandike utaratibu ambao kila mfanyakazi ataufuata.

Siri za msomaji

Mtu akiomba asomewe barua ya hospitali au matokeo ya mtihani, amekuaminia jambo zito. Tumieni vipokea sauti vya masikioni, msisome kwa sauti mbele ya ukumbi. Nywila aandike mwenyewe. Kama hana budi kusaidiwa, mfanyakazi asiihifadhi popote na ahakikishe akaunti imefungwa kabla msomaji hajaondoka. Hili litiwe kwenye kanuni za kazi, lisiachiwe ungwana wa mtu mmoja mmoja.

Ratiba ya wiki sita

Siku moja ya semina yenye vyeti na picha ya pamoja haijengi ustadi. Jaribuni saa mbili kila wiki kwa wiki sita. Wiki ya kwanza, adabu na kuongoza njia, wafanyakazi wote pamoja na zamu. Ya pili, NVDA kwa sauti tu. Ya tatu, TalkBack na kukuza maandishi. Ya nne, viziwi na alama za msingi. Ya tano, kutengeneza na kusahihisha maandishi. Ya sita, waalikeni wasomaji wenye ulemavu waje na kazi zao halisi, wakutubi wawahudumie, na wasomaji hao watoe hukumu. Baadaye, saa moja kila mwezi ya kukumbushana, maana amri isiyotumika husahaulika. Mfanyakazi mpya apitishwe kwenye hatua hizohizo kabla ya kukabidhiwa kaunta.

Umeme nao uwemo kwenye mpango. Ukikatika, anayeona hufunga kitabu akasubiri. Asiyeona hupoteza kila alichoandika na hajui kimetokea nini. Kompyuta ya huduma hii iwe ya mkononi yenye betri nzima, au iwe na betri ya akiba, na mkutubi amweleze msomaji mara moja. Pakueni programu na sauti zote mapema, zikae kwenye diski, msitegemee intaneti siku ya haja.

Mwisho wa kila mwezi, jiulizeni maswali matatu. Wamekuja wasomaji wangapi wenye ulemavu? Wangapi wamerudi? Kazi gani tulishindwa kuwasaidia? Swali la pili ndilo zito. Mtu huja mara ya kwanza kwa sababu ameambiwa. Hurudi kwa sababu alihudumiwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maktaba iliyojifunza kumhudumia asiyeona itakuwa na matangazo yanayosomeka, njia zisizo na vikwazo, faili zinazotafutika na wafanyakazi wanaoeleza kwa subira. Bibi aliyesahau miwani atafaidika, na mwanafunzi aliyevunjika mkono atafaidika.

Ndugu mkuu wa maktaba, usisubiri mfadhili wala jengo jipya. Wiki hii weka NVDA kwenye kompyuta moja, pigia simu chama cha watu wenye ulemavu uombe mwalimu, na upange tarehe ya somo la kwanza. Nawe mkutubi, zima skrini yako, sikiliza, ujifunze. Wasomaji hawa wana haki na rafu zenu kama sisi sote.